ELIMU YA UDUKUZI NA ULINZI WA MTANDAO: VIJANA WETU WAANZIE WAPI?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi katika mkutano wa mwaka, Rusimbi, Kigoma)



  

Kamati imeniomba nizungumze juu ya udukuzi wa kompyuta na ulinzi wa mitandao. Tangazo lilipobandikwa ubaoni, maswali mawili yalinifikia kabla sijasimama hapa. La kwanza limetoka kwa mzee wetu mmoja: "Kwani mnataka kuwafundisha watoto wizi?" La pili limetoka kwa kijana wa kidato cha tatu: "Kaka, utatufundisha kuingia kwenye simu ya mtu?" Maswali yote mawili ni ya haki, na wote wawili wanastahili jibu lililo wazi. Nawaomba mnivumilie nianze na mambo yenyewe, kisha nitarudi kwenye majibu.

MAANA YA NENO

Katika Kiswahili cha wazee wetu, mdukizi ni mtu asikilizaye kwa siri maneno yasiyomhusu. Mdukuzi wa kompyuta ni jamaa yake wa karibu. Lakini kazi yenyewe ni pana kuliko kusikiliza. Kudukua ni kukijua chombo jinsi kinavyofanya kazi kwa kweli, hata pale ambapo mtengenezaji wake hakukusudia kifanye hivyo.

Fikirini fundi wa makufuli pale sokoni Mwanga. Yeye anajua kufungua kufuli bila ufunguo. Mwizi naye anajua. Elimu ni moja, na hata vifaa vyaweza kuwa vile vile. Kinachowatenganisha ni kwamba fundi ameitwa na mwenye nyumba. Neno hilo, ruhusa, ndilo msingi wa yote nitakayoyasema leo. Asiyelishika, afadhali asijifunze kabisa.

MTANDAO NI NINI?

Mtandao si kitu cha angani kama wengi wanavyodhani. Ni kompyuta zilizounganishwa kwa waya, kwa nyuzi za kioo na kwa mawimbi ya redio, zikipelekeana habari. Tulio wengi tulianza kuona kasi ya maana baada ya mwaka 2009, pale waya wa SEACOM uliopita chini ya Bahari ya Hindi ulipofika Dar es Salaam, na baadaye Mkongo wa Taifa ukasambazwa mikoani.

Habari husafiri namna gani? Tuchukue mfano wa dagaa. Mfanyabiashara wa Kibirizi ana magunia 100 ya kupeleka Dar es Salaam. Kila gunia analiandika jina la apelekaye na la apokeaye, na analipa namba: la 1, la 2, mpaka la 100. Mengine yanapanda treni pale stesheni yetu ambayo imekuwapo tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Mengine yanakwenda kwa lori. Hayafiki kwa mfuatano. Mpokeaji anayapanga kwa namba, anaona la 37 halipo, anapiga simu aletewe jingine.

Hivyo ndivyo kompyuta zifanyavyo. Picha unayoituma kwa simu hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikaandikwa anwani mbili na namba yake, na huko kiendako hupangwa upya.

Sasa mwanafunzi mwenye akili atauliza: je, wapagazi wa njiani hawawezi kuchungulia ndani ya gunia? Wanaweza, kama gunia liko wazi. Kwa hiyo watu wakabuni kufumba ujumbe kwa hesabu, ili asomaye awe ni yule mwenye ufunguo tu. Ukiona anwani ya ukurasa inaanza na herufi https, jua gunia limeshonwa na kupigwa lakiri.

Lakini hapa wengi hukosea. Lakiri inakuhakikishia kwamba hakuna aliyefungua gunia njiani. Haikuhakikishii kwamba mpokeaji ni mwaminifu. Laghai naye anaweza kupata lakiri yake halali, kwa bure kabisa, akaiweka kwenye ukurasa uliofanana na wa benki yako. Basi usiishie kuangalia lakiri. Soma na jina lililoandikwa kwenye gunia, herufi kwa herufi.

MILANGO

Kompyuta iliyounganishwa na mtandao ni kama ghala lenye milango mingi. Kwa hesabu, milango hiyo ni 65,536, nayo imepewa namba kuanzia 0 hadi 65,535. Kurasa za intaneti hupita mlango wa 80, na zile zenye lakiri hupita wa 443. Barua za kompyuta hutumia wa 25. Mtaalamu anayeitengeneza kompyuta akiwa mbali kwa kawaida huingilia wa 22.

Mvamizi aanzapo kazi, havunji kitu. Anazunguka ghala akibisha kila mlango na kusikiliza upi unaitika. Ni sawa na mtu asimamaye ufukweni Ujiji usiku wa giza akahesabu taa za wavuvi. Hajagusa mtumbwi hata mmoja, lakini ameshajua ipo mingapi na iko wapi. Ndiyo maana somo la kwanza la ulinzi ni jepesi: mlango usio na kazi ufungwe. Na wewe mwenyewe uzunguke ghala lako ukibisha, kabla mwingine hajakufanyia hivyo.

Somo la pili linahusu ufunguo wa kiwandani. Ruta nyingi na kamera za ulinzi huuzwa zikiwa na jina na neno la siri vilivyowekwa na mtengenezaji, na watu hawavibadili. Mwaka 2016 vijana wachache wa Kimarekani walitengeneza programu iliyoitwa Mirai. Ilizunguka duniani ikijaribu kiasi cha jozi 60 tu za maneno ya siri ya kiwandani. Kwa funguo hizo chache iliteka vifaa kwa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa vya namna hiyo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Vijana walioiandika Mirai walikiri makosa yao mahakamani mwaka 2017. Ndugu zangu, ruta iliyomo katika ofisi yako, au dukani kwako, neno lake la siri ni lipi? Kama hulijui, huenda ni lile la kiwandani.

HESABU YA UFUNGUO

Wadogo zangu wa hesabu, hapa ndipo penu.

Namba ya siri ya fedha za simu ina tarakimu 4. Yaani kuna namba 10,000 zinazowezekana, kuanzia 0000 hadi 9999. Hizo ni chache mno kwa mashine, na ndiyo sababu mfumo hufunga baada ya majaribio machache. Lakini mtu akichagua mwaka wake wa kuzaliwa, kati ya 1950 na 2010, amezipunguza zile 10,000 zikabaki 61. Na kama mwizi anamfahamu, zinabaki 3 au 4. Hapo kufunga baada ya majaribio machache hakusaidii sana.

Tuje kwenye maneno ya siri ya kompyuta. Tuseme neno lina herufi ndogo 8 zisizo na mpango. Kila nafasi ina herufi 26 za kuchagua, kwa hiyo jumla ni 26 kipeo cha 8, yaani zaidi ya bilioni 208. Inaonekana ni nyingi. Lakini ikiwa mwizi ameiba faili la maneno ya siri lililotunzwa kwa njia dhaifu, aweza kutumia mashine inayojaribu bilioni 10 kwa sekunde, na mashine hizo zipo. Gawanyeni: itamaliza yote kwa sekunde 21 hivi. Sasa ongezeni herufi 4 tu, neno liwe na herufi 12. Mashine ile ile itahitaji siku 110. Herufi nne zimegeuza sekunde kuwa miezi. Urefu ndio ngao, kuliko alama za ajabu ambazo mwenyewe unazisahau.

Onyo moja: nimesema herufi zisizo na mpango. Jina la mtoto, jina la timu, au methali inayojulikana, mashine huanza na hayo. Mwaka 1988, programu ya kwanza kusambaa kwa kishindo katika intaneti ilibeba ndani yake orodha ya maneno 432 tu, na orodha hiyo ilitosha kufungua akaunti nyingi. Nitarudi kwa aliyeitengeneza.

MLANGO ULIO DHAIFU KULIKO YOTE

Ndugu Mwenyekiti, nimesema juu ya mashine. Lakini huku kwetu fedha nyingi haziibwi kwa mashine. Zinaibwa kwa maneno.

Huduma za fedha kwa simu zilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008. Zimetusaidia sana. Mzazi aliye Kalya hana haja ya kupanda boti kuleta ada. Lakini zimeleta na ujumbe ule ambao nadhani kila aliyeketi hapa ameshaupata: "Ile pesa itume kwenye namba hii."

Utazameni ujumbe huo kama wataalamu. Hauna jina, na hautaji kiasi wala sababu. Kwa nini? Kwa sababu aliyeutuma hakujui. Ameupeleka kwa watu maelfu. Miongoni mwao kuna mtu ambaye asubuhi ile ile kweli alikuwa akisubiri namba ya mwenye nyumba, au ya mwuza mabati. Huyo atajaza mwenyewe jina, kiasi na sababu. Laghai amemwachia mwathirika kazi ya kukamilisha uongo. Hapakuhitajika kompyuta, na huo nao ni udukuzi. Kilichodukuliwa ni akili ya mtu mwenye haraka.

Ziko aina nyingine. Kuna ujumbe ulioigizwa ufanane na wa muamala, kisha simu ya mtu anayelia: "Nimekosea namba, nirudishie." Dawa yake ni kuangalia salio lako, wala si kuusoma ujumbe. Kuna anayejiita mtu wa huduma kwa wateja akiomba namba ya siri, au zile tarakimu zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi. Tarakimu hizo ni ufunguo wa pili wa nyumba yako, na hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji kuambiwa. Na kuna anayejifanya mwalimu: "Mtoto wako ameanguka, yuko hospitali, tuma haraka."

Huyu wa mwisho ametugusa. Baadhi yetu tunakumbuka tulivyochangia ada ya kijana mmoja ambaye mama yake, mwuza dagaa, alituma akiba yote ya muhula kwa sauti aliyodhani ni ya mwalimu. Mama yule si mjinga. Anajua bei ya dagaa kuanzia Kibirizi mpaka Kariakoo. Alidanganywa kwa sababu anampenda mwanawe, na laghai alijua hilo.

Ukipata ujumbe wa namna hii, ukabidhi kwa namba 15040 iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Na fedha ikiwa imekwishatumwa, upigie mtandao wako wa simu mara moja, kisha uende polisi. Dakika za kwanza ndizo zenye thamani.

NENO KWA WANAOKARIBIA KUMALIZA

Sasa nasema na kidato cha nne.

Tangu mwaka 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Basi matapeli wanapata wapi laini? Wanatumia zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine. Bibi anafika kusajili laini moja, anaambiwa, "Mashine haijashika, bonyeza tena," na kidole cha pili kinasajili laini ya mtu asiyemjua.

Nayasema haya kwenu kwa sababu wengi wenu mkisubiri matokeo, kazi ya kwanza itakayowaita ni kukaa chini ya mwavuli kusajili laini. Ni kazi halali na ya heshima. Lakini siku moja mtu atakuja na noti mkononi akitaka laini iliyokwisha kusajiliwa, bila kuulizwa jina. Kijana, siku hiyo ndipo utakapokuwa mlango. Usidhani umeuza kadi ya plastiki. Umeuza jina la bibi yule, na polisi wataanza kwake. Nanyi nyote, bonyezeni *106# muone ni laini zipi zimeandikwa kwa kitambulisho chenu.

MILANGO YA MATAIFA

Mambo haya hayachagui mkubwa wala mdogo. Tarehe 27 Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, wenye huduma za serikali zaidi ya 5,000, ulishambuliwa. Serikali ya huko ilisema hakuna taarifa zilizopotea. Washambuliaji walijaza milango kwa maombi ya uongo, kama watu elfu moja wasio na safari wakijazana kwenye dirisha la tiketi, mpaka msafiri wa kweli asipate nafasi. Uganda nako, Oktoba 2020, miamala kati ya benki na mitandao mikubwa ya simu ilisimamishwa baada ya kuvamiwa mfumo wa kampuni ya kati iliyowaunganisha. Ghala lako laweza kuwa imara, lakini ukapita mwizi kwa jirani uliyempa ufunguo.

Na kuna somo la uzembe. Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kisasisho cha kuziba tundu katika programu yake ya Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi kiitwacho WannaCry kilipita kwenye tundu lile lile. Kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kiasi cha 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Dawa ilikuwa imekwisha kutolewa, lakini watu wengi hawakuinywa. Simu yako ikikuambia kuna kisasisho, usiiambie kesho kila siku.

SHERIA INASEMAJE?

Sasa namjibu kijana wa kidato cha tatu. Sitakufundisha kuingia kwenye simu ya mtu, na nitakuambia sababu.

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo. Kifungu cha 4 kinakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila haki. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 3,000,000 au mara tatu ya faida uliyoipata, kwa kufuata iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Angalieni vizuri: kosa ni kuingia. Hata usipochukua kitu, hata ukisema ulikuwa unajaribu tu, umekwisha kosa. Tangu Mei 2023 inatumika pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozuia kuchukua na kusambaza habari za mtu ovyo.

Nilisema nitarudi kwa kijana wa mwaka 1988. Jina lake ni Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Tarehe 2 Novemba aliachia programu yenye kujisambaza yenyewe. Ilijinakili kupita kiasi, ikazilemea kompyuta zilizokadiriwa kufika 6,000, yapata moja kati ya kumi ya intaneti ya wakati ule. Mahakama ilimtia hatiani, akapewa miaka 3 ya kuangaliwa, saa 400 za kazi za jamii, na faini ya dola 10,050. Hakuiba hata senti. Baadaye alifanya kazi njema na kuwa profesa. Lakini msijidanganye kwamba kila mmoja atapata mlango wa pili kama yeye. Kijana wa Rusimbi mwenye hukumu ya jinai, nani atamwajiri alinde benki?

BASI WAANZIE WAPI?

Kwanza, waanze na misingi: hesabu, fizikia, na Kiingereza cha kusomea, maana vitabu vingi vya elimu hii bado viko katika lugha hiyo.

Pili, wajifunze mfumo wa Linux, ambao umekuwapo tangu 1991 na hauna malipo, na lugha moja ya kuandikia programu, kama Python. Asiyeweza kujenga ukuta hawezi kukuambia uko wapi ufa wake.

Tatu, wawe na uwanja wao wa mazoezi. Kompyuta tatu za zamani, ruta moja na nyaya zinatosha, navyo visiunganishwe na mtandao wa nje. Humo watatumia Wireshark kutazama vipande vikipita wayani, na watatumia Nmap kubisha milango ya kompyuta zao wenyewe. Kisha wafunge milango hiyo na kubisha tena. Programu zote hizi ni za bure. Zinaweza kupakuliwa mara moja mjini, zikaletwa kwenye flashi.

Nne, wafanye mashindano yaliyo halali. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kimekuwa kikiendesha tangu 2013 mashindano ya bure yaitwayo picoCTF kwa wanafunzi wa sekondari, ambayo humpa mshindani mafumbo ya kufumbua katika mifumo iliyowekwa kwa kazi hiyo. Na wakitaka kuendelea, Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mitandao. Nchi ina kikosi chake cha matukio ya kompyuta, TZ-CERT, chini ya TCRA. Benki, bandari na hospitali zinawahitaji watu hawa.

JIBU KWA MZEE WETU

Nimalizie kwa mzee aliyeuliza kama tunawafundisha watoto wizi.

Mzee wangu, hofu yako si ngeni nchini. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mfumo wa mahesabu ulipoleta matatizo, Serikali mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sababu ilikuwepo, kwani fedha za umma zilikuwa zikipotea. Lakini kwa muda wa marufuku yale elimu haikukua, na zilipoingia kwa wingi zilitukuta wengi tu wageni. Tukiwakataza vijana hawa leo, hawatakaa bila kujifunza. Simu wanazo. Watafundishwa na yule anayetaka laini isiyoulizwa jina, naye hatawaambia neno juu ya ruhusa. Mwaka 1967 tuliletewa Elimu ya Kujitegemea, yaani shule imwandae mwanafunzi kwa maisha ya mahali anapoishi. Maisha ya Kigoma ya leo yamo ndani ya simu. Kujilinda humo ni sehemu ya kujitegemea.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu uzungumze mapendekezo manne.

Moja: wahitimu tuchange kompyuta kuukuu, ruta na nyaya, na shule itenge chumba.

Mbili: kila mwanafunzi atakayeingia chumba hicho atie sahihi, pamoja na mzazi wake, kwamba hatagusa mfumo wowote bila ruhusa ya maandishi ya mwenyewe. Akivunja, atoke.

Tatu: Mfuko wetu wa kuwasaidia wanafunzi usikae tena kwenye laini ya mtu mmoja. Mweka Hazina wetu ni mwaminifu, na sisemi haya kwa kumshuku. Nasema kwa kumhurumia. Simu yake ikiibwa leo katika stendi, ada za watoto zinakwenda nayo, na jina lake jema linakwenda pia. Fedha iwekwe mahali ambapo haitoki mpaka watu wawili au watatu wameidhinisha.

Nne: siku ya wazazi, wanafunzi hawa wapewe saa moja wawafundishe mama zao na baba zao ule ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" unavyofanya kazi. Hapo ndipo tutakapojua kama wameelewa.

Kijana anayejua kufungua kufuli na akasimama kulilinda la jirani, huyo hatukumfundisha wizi.